Kamba za Bi. Mkuu

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo mmoja na akili timamu, kwamba Mkuu wa chuo chetu alikuwa akizifunga ndoa za wasichana kwa kamba ya katani. Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba jua huchwea upande wa bara. Habari yenyewe ilikuwa hivi: msichana akiingia chuoni huitwa ofisini siku za mwanzo, mlango hufungwa, hupimwa kwa kamba, na kamba ile hupigwa mafundo mawili. Fundo la kwanza ni la mume. Fundo la pili ni la mtoto. Maadamu kamba inaning'inia kabatini mwa Bi. Mkuu, msichana yule haolewi wala hazai. Atasoma tu, mpaka vitabu vimchoke.

Aliyenipa habari hii ni Charo mpishi, mtu aliyeweza kusonga ugali wa watu mia tatu kwa mkono mmoja na bado akabaki na pumzi ya kusimulia. Charo hakuwahi kusema "nadhani" maishani mwake. Alikuwa akijua. Nami nilikuwa kijana wa kutoka Ganze, mwenye masikio makubwa.

Nyinyi mnaoshika lango na stoo sasa mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana bawabu ana vyeo viwili tu: yuko ndani ya lango au yuko nje ya lango. Nitaandika juu ya lango lenyewe, na juu ya Bi. Zuhura, Mkuu aliyekikuta chuo kikiwa mabanda matatu yanayovuja akakiacha kikiwa chuo. Mengi mtacheka. Chekeni, mimi mwenyewe nilicheka sana wakati ule.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa vitu vinne: filimbi, rungu, ufunguo na daftari la wageni. Rungu halikunitisha. Daftari lilinitisha, kwa sababu sikujua kusoma. Karani aliponiuliza kama nitaliweza nilimjibu kwamba macho yangu yanauma kidogo, na yakaendelea kuuma kwa miaka sita. Mgeni akifika nilimpa kalamu ajiandike mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nikitikisa kichwa kwa makini, kama hakimu.

Somo la kwanza la kazi nililipata kwa kufuli. Hewa ya Kilifi ina chumvi ya kutosha kukoleza mchuzi, na kufuli lisilotunzwa hufa katika msimu mmoja. Lipakeni mafuta ya nazi kila Ijumaa. Siafu watakuja, watafanya mkutano ndani ya kufuli, mtaumwa vidole. Vumilieni siafu. Siafu huondoka, kutu haiondoki.

Bi. Zuhura alifika asubuhi moja kwa miguu, na buibui lake, begi moja na mkeka uliokunjwa. Mimi nilikuwa nimeambiwa Mkuu mpya anakuja, nikawa namtazamia kwenye gari lenye bendera. Nilimwambia mama huyu kwamba wauza viungo wote hupitia mlango wa nyuma. Alizunguka. Saa nzima ikapita, kisha nikamwona anatoka upande wa jikoni akiongozana na karani aliyekuwa anatetemeka. Alikuwa ameshakagua vyoo, ameshahesabu vitanda vilivyovunjika, na amemkuta Charo amelala fofofo juu ya gunia la maharage. Nikatafuta pa kujificha. Lakini mtu mwenye urefu wangu hajifichi nyuma ya filimbi.

"Umefanya vizuri," aliniambia. "Mlango wa mbele ungenionyesha maua tu."

Alikuwa mtu wa visiwani, kaskazini kule, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi tukizungumza naye tulihisi tumevaa shati nje ndani. Hakuwa ameolewa. Hilo peke yake lilitosha. Mwanamke msomi, wa visiwani, hana mume, anafunga mlango wa ofisi: Charo alihitaji kamba tu ili kuikamilisha hadithi, na kamba akaiona siku aliyompelekea chai.

Kwanza alianza na wanafunzi. Walikuwa wachache mno. Kengele ya chakula ilikuwa ikipigwa kwa heshima tu. Akaamua kwamba kama wasichana hawaji chuoni, chuo kitawaendea. Jumamosi tulikwenda bara, Ganze, Bamba, mpaka vijiji ambavyo hata mbuzi wake walitushangaa. Alinichukua mimi kwa sababu yeye hakujua Kigiriama. Hapo ndipo nilipojifunza kazi kuliko miaka yote ya kusimama langoni.

Hakubishana na baba wa mtu hata siku moja. Mzee akisema msichana akisoma atamdharau, Bi. Zuhura aliomba aonyeshwe shamba. Shamba lote, kutoka mpaka mpaka. Atatembea kwenye miiba na buibui lake, atauliza huu mkorosho una umri gani, kile kisima nani alikichimba. Wakifika mwisho, mzee amelowa jasho na amefurahi, ndipo anauliza, nami natafsiri: siku watu wa kupima ardhi watakapokuja na karatasi zao, nani atakusomea? Mzee hugeuka. Anamtazama binti yake aliye pale na mtungi, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Nilitafsiri maneno yale kwa ustadi mkubwa. Niliyatia chumvi, niliyatia tui. Wazee waliniamini kwa sababu mimi ni mtoto wa kwao, wakanikabidhi mabinti zao. Na wakati wote huo mimi nilikuwa naamini habari ya kamba. Mtaniuliza niliwezaje. Jibu langu si zuri, lakini ndilo nililo nalo: walikuwa mabinti wa watu.

Alipoanza kupata wanafunzi alitunga kanuni ya lango, akaniita akanifundisha kwa mdomo mpaka nikaihifadhi. Msichana hatoki katikati ya muhula ila kwa barua yenye saini ya Mkuu, na barua haitiwi saini mpaka msichana mwenyewe aseme mbele ya Mkuu kwamba anataka kwenda. Nusu ya pili ya kanuni ndiyo iliyotuletea vita. Kuna baba mmoja alikuja na panga, amevimba shingo, anamtaka binti yake, kwa kuwa mchumba alikuwa amekwisha kuleta pombe ya posa nyumbani. Panga lile, wallahi, lilikuwa na urefu wa kutoka hapa mpaka Mnarani. Nilipiga filimbi mpaka kokwa yake ikaruka. Bi. Zuhura akatoka, akasimama katikati ya lango, mdogo kama kiberiti, akasema kitu kimoja tu: mletee kiti huyu mzee, ametoka mbali. Akakaa naye pale pale langoni. Binti akaitwa, akaulizwa mbele ya baba yake, akasema anataka kubaki. Baba akalia. Akanywa chai, akaondoka, na panga akalisahau. Tulilitumia kukatia majani miaka kumi.

Msinione nimekaa nikimsifu tu. Alikuwa na ukali wake, na alikuwa na siri zake. Kila mwanzo wa muhula alikwenda Mombasa Jumamosi kwa gari la chuo, akarudi Jumapili na gunia moja au mawili. Mimi kazi yangu ni kupekua. Hata gari la askofu nilipekua, nikakuta ndizi. Lakini gunia lake alinikataza. "Hili usilifungue, Kahindi," alikuwa akisema, na mimi nikalishika lango huku jasho linanitoka, maana Charo alikuwa ameshanieleza ndani ya gunia kuna nini. Sitayaandika hapa, watoto wenu wasije wakaota.

Kamba zenyewe niliziona kwa macho yangu siku popo alipoingia ofisini. Niliitwa nimtoe. Nikiwa juu ya kiti nikimfukuza kwa ufagio, mlango wa kabati ukafunguka, na ndani, kwenye misumari, zilikuwa zimetundikwa kamba za katani, kila moja na karatasi yake ndogo, kila moja na mafundo mawili. Nilishuka kitini nikimwacha popo aamue mwenyewe. Siku ile popo alifungua dirisha peke yake kwa ubawa, na kama mnabisha muulizeni.

Tangu hapo sikuhitaji tena Charo. Na msidhani hapakuwa na dalili za kunitoa ujingani. Wasichana walimaliza, wakaolewa, wakazaa. Nilikuwa na jibu: hao wamefunguliwa na waganga wao. Mwingine akichelewa kuolewa, nilisema mnaona? Uvumi mzuri ni kama ndoo ya kisima, haijali unaingiza mkono gani.

Habari ya macho yangu kuuma iliisha siku moja bila ya dawa. Bi. Zuhura alichukua daftari la wageni akakaa nalo kivulini kwa muda, kisha akaniita.

"Kahindi, Mfalme Sulemani alileta nini Jumatano?"

"Mchanga, Bi. Mkuu," nikajibu. "Lori moja."

Hakucheka. Akageuza ukurasa, akauliza Malkia wa Sheba aliyejiandika Alhamisi naye alikuwa na shida gani. Nikasema huyo mama alikuja kuuza mayai. Hapo akafunga daftari polepole, akalitazama jalada lake kwa muda, akaniambia Jumatatu saa kumi na moja jioni nifike ukumbi wa chakula. Nilidhani nafukuzwa kazi. Nilikuta ubao, chaki, na wafanyakazi saba wameketi kwenye viti vya wanafunzi, magoti yamefika mashavuni. Ndivyo ngumbaru yetu ilivyoanza. Walimu walipokezana, na Alhamisi alifundisha yeye mwenyewe.

Niliyasoma masomo yale kama mtu aliyekuwa na njaa tangu kuzaliwa. Charo alikuwa nyuma yangu kwa herufi tatu hivi na hakunisamehe. Bi. Zuhura hakuwa mwepesi wa kusahihisha watu wazima. Ukikosea alikuacha na kosa lako ubaoni mpaka ulione mwenyewe. Alikuwa akisema mtu mzima hafundishwi, huachiwa nafasi. Nami nilichelewa sana kuelewa kwamba hilo lilikuwa neno zito. Wakati ule nilidhani ni uvivu.

Sasa nifike kwa Kadzo.

Kadzo ni mwanangu wa kwanza. Alipomaliza kidato cha nne, Bi. Zuhura ndiye aliyeniuliza habari zake kabla sijamtaja, akasema mtoto wa mfanyakazi halipi ada, na nafasi ya ualimu wa chekechea ipo. Kadzo alikuwa akicheza mwalimu tangu mdogo. Kuku wetu wote walikuwa wameshafundishwa kuhesabu. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza harusi ni ya nani. Mimi nilisema asante, Bi. Mkuu. Ningesema nini? Akaingia chuoni Jumatatu, na sanduku langu la bati, akipita kwenye lango nililolishika mimi mwenyewe. Siku ile nilimpigia saluti. Alicheka mpaka akaziba uso kwa leso.

Alhamisi ya wiki ile ile, baada ya somo, Bi. Zuhura alinituma nirudishe chaki ofisini. Kabati lilikuwa wazi. Kamba mpya zilikuwa zimetundikwa. Na mimi sasa nilikuwa mtu wa kusoma. Nikasogea, nikashika karatasi ya kwanza, ngumu. Ya pili, ngumu. Ya tatu nikaanza: ka, nikasimama, dzo. Kadzo. Kisha Kahindi, ambalo nilikuwa nimeliandika ubaoni mara elfu moja kwa sababu ni langu.

Jambo la kwanza nililolisoma peke yangu maishani, pasipo mwalimu pembeni, lilikuwa jina la mwanangu, limefungwa kwenye kamba yenye mafundo mawili.

Mke wangu sikumwambia. Kadzo sikumuuliza. Bi. Zuhura, niliyekuwa nimetoka darasani kwake dakika tano zilizopita, sikumuuliza. Nilikwenda jikoni kwa Charo. Akaniuliza kama mafundo yamekazwa. Nikasema yamekazwa. Akaacha mwiko, jambo ambalo hakulifanya hata jiko liliposhika moto, akaniambia basi zimebaki siku mbili, Jumamosi Bi. Mkuu atazipeleka Mombasa, zitatiwa maji ya mchawi wa huko, na fundo lililotiwa maji yale halifunguki hata kwa meno.

Jumamosi asubuhi gari lilikuja langoni. Bi. Zuhura alikuwa amekaa nyuma, kikapu mapajani, na mdomo wa kikapu ulitokeza katani. Niliiona kwa macho yangu haya. Akateremsha kioo.

"Narudi kesho jioni," akasema. "Nakuachia lango, Kahindi."

Gari lilipopinda tu, nilikwenda bweni nikamwita Kadzo. Nilimwambia mama yake ni mgonjwa. Akafungasha nusu ya vitu vyake. Aliniuliza kama haihitajiki barua, maana kanuni ya lango ilikuwa imekwisha kutangazwa kwao siku ya kwanza, na aliyewatangazia ni mimi. Nikamwambia mimi ndiye lango. Nilifungua kwa ufunguo wangu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kuandika, niliandika kwenye daftari la kutokea: Kadzo Kahindi, ametoka. Mahali pa saini ya Mkuu nikapaacha wazi. Mwandiko ulikuwa mzuri. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba niliutazama nikaupenda.

Nyumbani akamkuta mama yake anatwanga mahindi, mzima kama mgomba. Akanigeukia. Nikasema ni mambo ya ada. Alijua mtoto wa mfanyakazi halipi ada; akaokota mzigo wake akaingia ndani. Hakuniuliza tena. Wiki iliyofuata nilimpeleka Marereni kwa dada yangu, mbali na kamba, na muhula haukuisha kabla hajachumbiwa na Katana, kijana wa kazi za chumvi. Nataka nimtendee haki Katana. Si mlevi, si mkali, na ananiita baba kwa adabu. Kosa halikuwa kwake. Yeye alioa tu msichana aliyemkuta ameketi kwa shangazi yake, amenyamaza.

Jumapili jioni Bi. Zuhura alirudi na gunia lake. Nikamfungulia. Jumatatu akaniita, daftari la kutokea likiwa wazi mbele yake.

"Kanuni ya lango ni ipi?"

Nikaitamka yote.

"Kadzo alisema mbele ya nani kwamba anataka kwenda?"

"Mbele yangu, Bi. Mkuu. Mimi ni baba yake."

"Sikukuuliza wewe ni nani kwake."

Nilitazama kabati. Lilikuwa limefungwa. Alinisubiri. Sasa najua kwamba alikuwa akiniachia nafasi, kama ubaoni, na kwamba ilikuwa nafasi kubwa ya kutosha kupitisha lori la Mfalme Sulemani. Nilichosema ni kwamba nyumbani kuna matatizo. Akasema kitanda cha Kadzo hatampa mtu mpaka mwaka uishe, na wakati wowote akija, aje. Kisha akanirudishia daftari. Hakunifukuza kazi. Baba wa watu walipokuja na mapanga tuliwapa viti na chai, na mimi niliyekuja na ufunguo sikuzuiwa na mtu.

Alhamisi alifundisha kama kawaida. Kitanda alikiweka mwaka mzima, na wasichana walikuwa wanalala wawili wawili.

Miaka ikaenda. Chuo kikaota ghorofa. Wasichana wa Bi. Zuhura wakatawanyika kama mbegu za msufi. Leo ukitembea kutoka Mnarani mpaka Marereni hukosi darasa la chekechea ambalo mwalimu wake alipita mikononi mwake. Mimi nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na mvi, nikiwa nimekaa nyuma ya mtoto aliyenizibia karatasi yake kwa mkono. Nilipasua mtihani ule kama tikiti maji. Bi. Zuhura alinikabidhi cheti mbele ya chuo kizima, wakanipigia makofi mpaka popo wote wa Kilifi wakahama. Nilishukuru kila mtu. Jina la Kadzo sikulitaja.

Siku moja Bi. Zuhura alinipa nafasi nyingine. Tulikuwa tumekaa langoni tunangoja fundi wa maji. Akaniuliza, bila kunitazama, watu huko nje wanasema nini juu yake. Miaka yote ile nilikuwa nimeyabeba. Nilikuwa na maneno kinywani, kamba na mafundo na maji ya Mombasa.

"Wanakusifu, Bi. Mkuu," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo. "Basi lango lako ni zito sana, Kahindi. Halipitishi kitu."

Fundi akafika.

Siku ya kumuaga Bi. Zuhura alipostaafu ndipo uvumi ulipokufa kwangu. Walikuja wasichana wake wa miaka yote, na mimi nilikuwa nawaandika kwenye daftari. Walikuja na waume, walikuja na watoto mgongoni, mkononi na tumboni. Niliandika mpaka kalamu ikakauka, nikaazima nyingine. Kulikuwa na watoto wa kutosha kuanzisha kaunti yao. Charo, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, alikuja kula pilau. Nikamvuta kando nikamkumbusha habari ya kamba. Akatafuna kwanza. "Ah, yale yalikuwa maneno ya jikoni tu," akasema, akaenda kuongeza nyama.

Nilijua basi kwamba mafundo hayakumfunga mtu. Lakini sikujua kamba zilikuwa za nini, na kuuliza kungekuwa kukiri. Bi. Zuhura alirudi kwao visiwani. Mimi nikahamishiwa stoo, nikakuta kabati lake la zamani limeletwa huko, tupu, misumari imebaki. Nililipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, ingawa halikuwa na kufuli. Kisha tukapata habari ya msiba wa Bi. Zuhura. Wenzangu walikodi gari kwenda kuwahani wafiwa. Mimi nilisema macho yananiuma.

Mlipokuja kuniomba niandike, nilikaa na kalamu siku tatu nikaona siwezi kuandika habari za Bi. Mkuu kabla sijamwambia Kadzo. Ndiyo maana mmengoja. Mwezi uliopita nilikwenda Marereni. Nilimkuta ametoka kazini, kwenye mabwawa ya chumvi, ameketi uani kwenye kibao, miguu ndani ya karai la maji matamu. Chumvi hupasua visigino. Wanaoifanya kazi ile huiloweka miguu kila jioni. Aliniamkia shikamoo, akaniletea kiti, akarudi kwenye karai.

Nikamwambia. Nilianza na Charo, nikaja kwa popo, nikaja kwa karatasi yenye jina lake. Nilijaribu mahali pawili kumchekesha. Nilipofika kwenye lango sikujaribu tena. Nikamwambia kwamba haikuwa ada, haikuwa mama yake, ilikuwa kamba ile. Nikamwomba radhi.

Alijimwagia maji kwa kikombe.

"Bi. Mkuu hukumuuliza," alisema.

"Sikumuuliza."

"Na mimi?"

Akachukua kitambaa akaufuta mguu mmoja, akauweka chini, akaufuta wa pili.

"Ilikuwa ya viatu, baba," alisema. "Nilikwenda chuoni na ndara. Alinisimamisha juu ya kamba, akapiga fundo moja kwenye kisigino na moja kwenye kidole gumba, apate kipimo cha kunichagulia viatu Mombasa. Alituambia tusimwambie mtu, ili wasio na viatu wasichekwe. Jumamosi ile uliyonitoa ndiyo siku aliyokwenda kuvinunua."